Aljebra ya Shule na Namba za Mashine: Uhakiki wa Kanuni za Urahisishaji katika Kompaila za Sheda

Kila ramani, kila mchezo na kila picha inayosogea katika kioo cha simu huchorwa na programu fupi ziitwazo sheda, ambazo kazi yake ni kukokotoa mahali pa kila umbo na rangi ya kila pikseli, yaani kila kitone cha mwanga kinachounda picha. Simu yenye kioo cha pikseli 720 kwa 1,600, ambacho ni kipimo cha kawaida katika simu za bei nafuu, ina vitone 1,152,000, na picha inapobadilishwa mara 60 kwa sekunde, sheda ya rangi huitwa mara 69,120,000 katika sekunde hiyo moja, hata kama kila kitone kimepakwa rangi mara moja tu. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya amri moja ya kuzidisha, ambayo katika programu ya kawaida haina uzito wowote, iwe jambo la kujadiliwa na watu wazima kwa siku kadhaa, kwa sababu amri hiyo ikiondolewa katika sheda tofauti yake huonekana katika chaji ya betri na katika joto la simu mkononi.

Sheda haifiki katika simu ikiwa amri za mashine. Hufika ikiwa maandishi ya lugha ya programu, au ikiwa katika lugha ya kati iliyokwisha kusagwa kidogo, na ndani ya kiendeshi, yaani programu inayosimama kati ya mfumo wa simu na kichakataji picha, hukaa kompaila, ambayo ni programu ya kutafsiri maandishi hayo kuwa amri zinazoeleweka na kichakataji hicho. Kompaila nzuri haitafsiri neno kwa neno. Hupita katika maandishi ikitafuta mafungu ya hesabu yanayoweza kuandikwa kwa njia fupi zaidi, na inapokuta namba ikijumlishwa na sifuri huondoa kujumlisha, inapokuta namba kamili ikizidishwa kwa 8 huzisogeza biti zake hatua tatu badala ya kuzidisha, na inapokuta a mara b ikijumlishwa na a mara c huweza kuitoa a nje ya mabano kama mwanafunzi wa sekondari anavyofundishwa. Kazi hii ndiyo iitwayo urahisishaji wa kialjebra. Asili yake ni ya zamani kuliko sheda zenyewe, kwani W. M. McKeeman aliieleza mwaka 1965 kuwa ni mbinu ya kuzitazama amri chache kwa wakati mmoja, kana kwamba kwa kuchungulia katika tundu dogo, na kubadilisha zile zinazobadilika bila kujali programu nzima inasema nini.

Mfano ulio wazi zaidi kwa atakayetaka kuusoma mwenyewe uko katika Mesa, mkusanyiko wa viendeshi vya picha ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993, na ambao leo ndio unaochora picha katika kompyuta nyingi zinazotumia Linux, zikiwemo laptopu za mtumba zinazonunuliwa Kariakoo na kuwekewa Ubuntu na wanafunzi. Ndani ya Mesa mna lugha ya kati iitwayo NIR, iliyoanza kuandikwa na Connor Abbott mwaka 2014 na kuendelezwa na Faith Ekstrand hadi ikaingizwa rasmi mwanzoni mwa 2015. Kanuni zake za kialjebra hazikutawanywa huku na kule katika programu, bali zimekusanywa katika faili moja la maelfu ya mistari, lililoandikwa kwa lugha ya Python, ambamo kila kanuni ina pande mbili: upande wa kushoto ni umbo linalotafutwa, na upande wa kulia ni umbo linalowekwa mahali pake. Mtu asiyejua kuandika kompaila anaweza kulifungua faili hilo na kuelewa sehemu kubwa yake, jambo ambalo ni nadra katika fani hii na ambalo limewavuta wengi kupendekeza kanuni mpya. Kanuni mpya haiingii mpaka mtu mwingine aisome, airidhie, na jina lake liandikwe pamoja na la mwandishi. Usomaji huo ndio uhakiki, na ndio mada ya mhadhara huu.

Hoja inayotetewa hapa ni moja. Mhakiki wa kanuni ya kialjebra hana haja ya kuuliza kama kanuni ni kweli, kwa kuwa karibu kila kanuni inayoletwa ni kweli katika aljebra ya shule, na aliyeileta asingethubutu kuileta kama isingekuwa hivyo. Swali lake ni hili: kanuni hiyo ni kweli katika namba zipi, na pale isipokuwa kweli, picha inayoharibika ni ya nani.

Ramani ya Kiwalani, kata mojawapo ya Dar es Salaam, inafaa kuwa mizani ya swali hilo. Mwaka 2015 jijini Dar es Salaam ulianza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, wakishirikiana na wakazi wa mitaa, walipita katika kata za jiji wakiingiza nyumba, njia, mitaro na vijito katika ramani ya OpenStreetMap, shabaha kubwa ikiwa ni kujua maji ya mvua yanapita wapi na yanafurika wapi. Mtaro wenye upana wa mita mbili, unaojipenyeza kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani, ni kitu kisichopata nafasi katika ramani za kawaida za jiji, na ndicho hasa mkazi wa bondeni anachotaka kukiona. Mtaro huo ukishaingizwa katika ramani huwa ni orodha ya pembe, na kila pembe ni namba mbili: longitudo, ambayo kwa upande huu wa jiji, jirani na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, ni karibu digrii 39.2 mashariki, na latitudo, ambayo ni karibu digrii 6.9 kusini. Kuanzia hapo hatima ya mtaro iko mikononi mwa sheda, na hatima ya sheda iko mikononi mwa kompaila.

Namba ambazo sheda huzitumia kwa kazi hii huitwa namba za nukta elea, kwa sababu nukta ya desimali haikai mahali pamoja bali huelea kufuatana na ukubwa wa namba, na utaratibu wake uliwekwa na kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho William Kahan ndiye aliyekuwa mbunifu wake mkuu. Namba ya biti 32 ya aina hii hubeba tarakimu 24 za mfumo wa mbili na si zaidi, na chochote kinachozidi hapo hukadiriwa kwenda kwenye namba iliyo karibu. Programu ya mauzo ya duka ikitunza jumla ya fedha katika namba kama hiyo itahesabu vizuri hadi shilingi 16,777,216, na hapo ikiongezwa shilingi 1 haitasogea, kwa kuwa 16,777,217 haimo katika namba zinazoweza kuandikwa. Ikiongezwa shilingi 1 nyingine, haitasogea tena. Lakini shilingi hizo mbili zikijumlishwa zenyewe kwanza, kisha ndipo ziingizwe katika jumla, jibu litakuwa 16,777,218. Kilichofanyika ni kuhamisha mabano tu, kama aljebra inavyoruhusu, na jibu limebadilika. (Shilingi moja siku hizi hainunui hata pipi, lakini mhasibu anayekesha akitafuta tofauti ya shilingi mbili hawezi kufarijika kwa hilo.)

Longitudo ya Kiwalani nayo ina hatua zake. Kwa namba za biti 32, umbali kati ya namba moja na inayoifuata, kwenye digrii 39, ni sehemu ya 262,144 ya digrii, ambayo ardhini ni kama sentimita 42, kwa hiyo mtaro wa mita mbili unapona ukiwa na mikwaruzo kidogo. Sheda za simu, hata hivyo, huweza pia kutumia namba za biti 16, ambazo hubeba tarakimu 11 tu za mfumo wa mbili na ambazo hupendwa kwa sababu hula umeme mdogo na nafasi ndogo. Kwa namba hizo hatua ya longitudo mahali hapo ni sehemu ya 32 ya digrii, yaani takriban kilomita 3.5, na ya latitudo ni sehemu ya 256 ya digrii, ambayo ni mita 430 hivi. Ramani iliyokokotolewa namna hiyo haina mashariki wala magharibi ya kata. Nyumba, njia na mtaro wake huangukia juu ya mstari mmoja au miwili kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba.

Baada ya maandalizi hayo, kanuni moja yaweza kutazamwa kwa karibu. Ili kuuweka mtaro mahali pake katika kioo, sheda huchukua longitudo ya pembe, iitwe p, hutoa longitudo ya katikati ya kioo, iitwe c, kisha huzidisha tofauti hiyo kwa kipimo, kiitwe s, ambacho ni idadi ya pikseli kwa digrii moja. Mwandishi wa sheda ameandika (p − c) × s, na hizo ni kazi mbili kwa kila pembe. Mtu anayetafuta kupunguza amri ataona mara moja kwamba mabano yakifunguliwa hupatikana p × s − c × s, na kwamba pale c na s zinapojulikana mapema zao lao hukokotolewa mara moja tu na kuwekwa kando, kwa hiyo kinachobaki kwa kila pembe ni kuzidisha na kutoa, ambavyo vichakataji picha vingi huvifanya kwa amri moja. Kazi mbili zimekuwa moja. Katika karatasi hakuna mwalimu wa hisabati atakayeweka alama ya kosa.

Sasa ziwekwe namba. Mtumiaji amekivuta kioo hadi kipimo kikawa pikseli 300,000 kwa digrii, ambapo pikseli moja ni kama sentimita 37 za ardhi. Katika umbo la kwanza, p na c zinakaribiana mno, na Pat Sterbenz alikwisha kuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1974 kwamba namba mbili za nukta elea zinazokaribiana, moja ikiwa haizidi maradufu ya nyingine, zikitolewa hutoa jibu kamili lisilokadiriwa hata chembe. Tofauti ya digrii 0.001 huzidishwa ikawa pikseli 300, na kwenye ukubwa huo namba za biti 32 zina nafasi tele ya vipande vya pikseli. Katika umbo la pili, p × s ni kama 11,766,000, na kati ya 8,388,608 na 16,777,216 hatua ya namba hizi ni 1 kamili, kwa hiyo kila zao linakadiriwa kwenda kwenye pikseli nzima na kipande chake kinatupwa kabla ya kutoa. Kila pembe ya mtaro inakadiriwa kivyake. Kidole kinapokuza au kupunguza ramani, s hubadilika, na pembe moja huruka kwenda kushoto wakati mwenzake bado hajaruka, ndipo mtaro unapoanza kutetemeka kana kwamba ardhi yenyewe inatikisika.

Mtetezi wa kanuni anaweza kujibu kwamba ipo amri inayozidisha na kujumlisha kwa pamoja na kukadiria mara moja tu mwishoni, na kwamba kwa amri hiyo kipande cha pikseli hakitupwi katikati. Jibu hilo ni sahihi, na bado halitoshi, kwa sababu zipo pia mashine zinazokadiria zao kabla ya kujumlisha, na kanuni iliyofikiriwa kwa ajili ya mashine za kwanza hutua vilevile katika mashine za pili isipokuwa imewekewa sharti. Wajuzi wa ramani, kwa upande wao, hawakusubiri wahandisi wa kompaila wakubaliane. Huikata dunia katika vipande na kukipa kila kipande hesabu yake ya ndani, mara nyingi kuanzia 0 hadi 4096, ili sheda isikutane kabisa na namba 39.2. Hata hapo namba za biti 16 huchechemea, maana baada ya 2048 huhesabu kwa kuruka mbili mbili.

Swali la mhakiki, basi, linaanzia kwenye alama ndogo. Katika faili la NIR, kanuni inayobadilisha jibu, hata kwa tarakimu ya mwisho kabisa, inapaswa kuwekewa alama ya wimbi kabla ya jina la amri, na alama hiyo huiambia kompaila kwamba kanuni itumike tu pale ambapo mwandishi wa sheda hakudai usahihi kamili. Mwandishi naye ana neno lake la kudai usahihi huo, ambalo liliingia katika GLSL, lugha ya kuandikia sheda, kwa toleo la 4.00 la mwaka 2010, na akiliandika, hesabu yake inatakiwa ifanywe kama alivyoipanga. Makubaliano haya ya pande mbili ni mazuri, lakini yanasimama juu ya wimbi hilo moja tu, na kulisahau ni kosa baya kuliko kuandika kanuni isiyo kweli kabisa. Kanuni isiyo kweli huvunja picha siku ya kwanza na kila mtu hupiga kelele. Kanuni iliyokosa wimbi huishi miaka, ikiwadhulumu wale wachache tu waliokuwa waangalifu vya kutosha kuomba usahihi.

Makosa ya namba zisizo za kawaida hufanana na hayo, ila yana ushetani zaidi. Kiwango cha IEEE 754 kina sifuri mbili, chanya na hasi, na sifuri hasi ikijumlishwa na sifuri chanya huwa chanya, kwa hiyo hata a + 0 = a, kanuni ambayo mtoto wa darasa la pili angeitia saini, si kweli kwa namba moja kati ya zote. Kipo pia kitu kiitwacho si-namba, ambacho ni jibu la hesabu zisizo na jibu, kama sifuri kugawanywa kwa sifuri, na tabia yake ni kwamba kila ulinganisho wa ukubwa unaofanywa nacho huwa si kweli. Kwa sababu hiyo “si kweli kwamba a ni ndogo kuliko b” haiwezi kubadilishwa kuwa “a ni kubwa kuliko b au sawa nayo” bila kuangalia, ingawa masikio hayaoni tofauti.

Mahali ambapo si-namba huonekana kwa macho ni katika kubana rangi kati ya 0 na 1. Sheda huweza kuchukua kwanza kubwa kati ya a na 0, kisha ndogo kati ya jibu hilo na 1, au ikageuza mpangilio na kuanza na 1. Kwa namba za kawaida njia hizo ni mamoja. Kwa si-namba, ambayo katika amri hizi humwachia mwenzake ushindi, njia ya kwanza hutoa 0 na ya pili hutoa 1, maana yake pikseli ileile ni nyeusi kwa mpangilio mmoja na nyeupe kwa mwingine. Vichakataji vina amri moja ya kubana, ambayo kwa NIR huipa si-namba jibu la 0, kwa hiyo mpangilio wa kwanza waweza kugeuzwa kuwa amri hiyo bila alama yoyote, na wa pili unahitaji wimbi. Mistari miwili inayofanana kama mapacha katika faili, na mmoja tu ndio wenye alama: msomaji asiyejua kisa atadhani mwandishi alisahau, na atataka kurekebisha.

Namba kamili zina mtego wake pia. Kugawanya kwa 2 kwa kusogeza biti hatua moja ni halali kwa namba chanya, lakini −7 ikigawanywa kwa 2 katika lugha nyingi hutoa −3 na baki, wakati kusogeza hutoa −4. Hilo linajulikana sana na halihitaji kukaliwa.

Lililo gumu zaidi ni pale lugha ya sheda inapokaa kimya. Kupandisha namba kwa kipeo, katika vichakataji picha, kwa kawaida hufanywa kwa kutafuta logi ya namba, kuizidisha kwa kipeo, na kurudi, njia ambayo kwa namba hasi hutoa si-namba. Ndiyo maana GLSL inasema wazi kwamba jibu la kipeo cha namba hasi halikufafanuliwa. Kompaila inayokuta x kwa kipeo cha 2 huigeuza kuwa x mara x, na ina haki, kwani ni rahisi zaidi na kwa namba chanya ni sahihi zaidi. Tatizo ni kwamba kwa namba hasi kanuni hii hutengeneza jibu zuri mahali ambapo hapakuwa na jibu. Mtengenezaji wa mchezo ataona picha safi katika kompyuta yake, atauza mchezo wake, na katika simu ya mtu mwingine, ambayo kompaila yake haikuigundua 2 kwa kuwa ilifichwa ndani ya kigezo, maji ya ziwa yatakuwa na mabaka meusi. Je, mhakiki aikatae kanuni? Kwa maoni ya mhadhara huu, hapana. Lakini anayeikubali na ajue kwamba hakukubali hesabu tu, amekubali pia kuwa mabaka yale yatamfikia mtu asiye na kosa.

Upande wa faida nao una udanganyifu wake. Rudi kwenye a × b + a × c, ambayo kwa aljebra ya shule ina kazi tatu, na a × (b + c) yenye kazi mbili. Katika mashine yenye amri ya kuzidisha na kujumlisha kwa pamoja, umbo la kwanza ni kuzidisha mara moja kisha amri hiyo moja, jumla mbili. Umbo la pili ni kujumlisha kisha kuzidisha, jumla mbili vilevile. Faida imeyeyuka. Na kama a × b inahitajika mahali pengine katika sheda hiyohiyo, umbo la pili halitaiondoa bali litaongeza amri juu yake, na ndiyo maana faili la NIR lina sharti maalumu linalosema kwamba kanuni ifanye kazi pale tu jibu la katikati linapotumika mara moja. Zaidi ya hapo kuna rejista, yaani visanduku vichache vya ndani vya kuwekea majibu ya katikati, ambavyo kanuni inayoonekana kupunguza amri huweza kuvijaza kwa kulazimisha thamani fulani zikae muda mrefu zaidi. Katika vichakataji picha vya simu viitwavyo Mali, vya vizazi vya Bifrost na Valhall, sheda inayovuka rejista 32 hupunguziwa nusu ya nyuzi za kazi zinazoweza kukaa ndani kwa pamoja. Amri moja iliyookolewa haiwezi kulipa deni la namna hiyo.

Kwa hiyo waandishi wa Mesa hawaulizwi tu kanuni yao inafanya nini. Huulizwa imefanya nini. Upo mkusanyiko wa sheda za programu na michezo halisi, uitwao shader-db, ambao hutafsiriwa wote kabla na baada ya kanuni mpya, kisha huhesabiwa ni sheda ngapi zimepungukiwa amri na ngapi zimeongezewa. Mhakiki mzuri huanza na zile zilizoumia. Huzifungua moja mbili, huangalia kwa nini, na mara nyingi hapo ndipo sharti lililokosekana hujitokeza. Kasoro ya kipimo hiki iko wazi: kimejaa sheda za watu waliokuwa na nafasi ya kuziweka humo, na ramani ya mitaro si lazima iwemo.

Kanuni pia hazikai peke yake. Mtu mmoja akileta kanuni ya kufungua mabano na mwingine miezi sita baadaye akaleta ya kuyafunga, kila moja ikiwa sahihi na imehakikiwa ipasavyo, kompaila itafungua na kufunga bila kukoma, na mchezo hautafunguka kamwe. Na kwa kuwa kutafsiri hufanyika ndani ya kifaa cha mtumiaji wakati anasubiri, kila kanuni iliyoongezwa ni muda ulioongezwa. Mwaka 2019 Connor Abbott alibadilisha utaratibu wa utafutaji ili kompaila iweze kuliondoa kwa mpigo mmoja kundi kubwa la kanuni zisizohusika, badala ya kuzijaribu moja baada ya nyingine.

Inabaki njia ya kuthibitisha. Kanuni yenye kigezo kimoja cha biti 32 inaweza kujaribiwa yote, kwani namba zote ni 4,294,967,296 na kompyuta ya kawaida huzimaliza kabla chai haijapoa. Vigezo viwili hufanya jozi zipatazo 18 zikifuatwa na sifuri 18, ambazo kwa kasi ya jozi bilioni moja kwa sekunde zingehitaji zaidi ya miaka 580. Hapo huingia uthibitisho wa kimantiki: Nuno Lopes, David Menendez, Santosh Nagarakatte na John Regehr walitengeneza chombo kiitwacho Alive, walichokieleza mwaka 2015, na walipokiingizia kanuni zaidi ya 300 za kompaila mashuhuri ya LLVM, zilizokuwa zimesomwa na wataalamu na kutumiwa, nane zilionekana kuwa na makosa. Kwa sheda zenyewe, Alastair Donaldson na wenzake wa Imperial College London walitumia njia nyingine katika GraphicsFuzz, iliyonunuliwa na Google mwaka 2018: huchukuliwa sheda inayochora vizuri, huongezewa vitu visivyopaswa kubadilisha chochote, kama vile kujumlisha sifuri iliyofichwa, kisha picha mbili hulinganishwa. Zikitofautiana sana, kompaila imesema uongo mahali fulani.

Njia zote hizo zinahitaji kwamba kanuni iweze kusomwa. Faili la Mesa laweza kusomwa na mwanafunzi wa Kiwalani mwenye laptopu ya mtumba sawasawa na mhandisi wa Intel, na kiendeshi cha Panfrost, kilichoanzishwa na Alyssa Rosenzweig kwa ajili ya vichakataji vya Mali na kuingia Mesa mwaka 2019, kinatumia NIR hiyohiyo. Simu nyingi za Android zenye Mali, hata hivyo, huja na kiendeshi cha Arm yenyewe, kampuni iliyobuni Mali, ambacho kompaila yake imefungwa na uhakiki wake hufanywa na waajiriwa nyuma ya mlango. Simu hizo ndizo ambazo biti 16 zinapoombwa hutumika kwelikweli, wakati kompyuta ya mtengenezaji wa programu mara nyingi hulipuuza ombi hilo na kukokotoa kwa biti 32, kwa hiyo kasoro haionekani mezani kwake. Huonekana kwa mkazi aliyesimama mlangoni mvua inaponyesha, akiwa ameufungua mtaro wa nyuma ya nyumba yake katika ramani. Anauona unatetemeka, anautelezesha kwa kidole, unaruka, na analaumu bando.